Fedha ya Mahujaji

Mwaka 2014, katika mji wa Middletown, jimbo la Rhode Island huko Marekani, Jim Bailey alikuwa akitembea taratibu ndani ya shamba la matunda, ditekta ya metali mkononi, akiipeleka kushoto na kulia juu ya ardhi. Sweet Berry Farm ni shamba ambalo watu huenda kujichumia matunda wenyewe. Bailey alikuwa amewahi kuokota katika udongo wake bizimu ya kiatu na risasi za gobori, mabaki ya zama za ukoloni wa Kiingereza. Mashine ikalia. Akachimba, akatoa kidude cheusi, cha duara, chembamba, upana wake kama kucha ya kidole gumba. Kwanza alidhani ni pesa ya Kihispania, au ile iliyofuliwa na koloni la Massachusetts. Alipoisogeza karibu na macho akaona maandishi ya Kiarabu.

Moyo ulimwenda mbio, kama alivyosimulia baadaye. Mtoto aliyesoma chuoni Lamu au Pemba angezitambua herufi zile hapo hapo, maana ndizo zilizoandika Kiswahili kwa karne nyingi kabla hatujaanza kuandika kwa hizi tulizo nazo sasa. Bailey ilimbidi atafute. Utafiti ukaonyesha kwamba sarafu ile ilifuliwa Yemen mwaka 1693, zama za maimamu wa ukoo wa Qasim, walioishika bandari ya Makha na biashara yake ya kahawa. Aina yake huitwa khamsiyya. Mzizi wa jina hilo ni ule ule unaotupa sisi Alhamisi na hamsini.

Habari zilipoenea duniani mwaka 2021, magazeti yaliiita hazina ya haramia. Nimeifuatilia habari hii kwa muda mrefu, na kila nikiliona neno lile linanichoma. Haramia aliipata wapi? Sarafu ina mwenyewe kabla ya mwizi, na ningependa tuanze na huyo. Lakini ili tumfikie, inabidi tupite kwenye ile mashine, halafu baharini.

Ditekta haikuzaliwa kwa ajili ya sarafu. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na moja ikabaki mwilini mwake. Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliunda kwa haraka chombo cha kusikilizia risasi ilipo kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Hakikufaulu. Kitanda cha mgonjwa kilikuwa na springi za chuma, na daktari mwenye kauli hakumruhusu Bell apekue upande mwingine isipokuwa ule aliouamini yeye. Garfield akafariki Septemba. Katika Vita vya Pili vya Dunia, afisa wa Kipolandi Józef Kosacki alibuni kifaa cha kubeba mkononi cha kutafutia mabomu ya ardhini, na askari wa Uingereza wakakitumia El Alamein mwaka 1942. Vita vilipokwisha, vifaa vilivyobaki viliuzwa kwa raia, na raia wakavipeleka mashambani, ufukweni na nyuma ya nyumba zao.

Utendaji wa ditekta si mgumu kuueleza. Koili iliyo mwisho wa fimbo hutoa uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiipitisha juu ya metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya metali ile na kutoa uga wake wenyewe, ambao mashine huusikia na kuugeuza kuwa sauti. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo jibu lake si kama la chuma: mzoefu huujua msumari kwa mngurumo wake na fedha kwa mlio mwembamba, wa juu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wanaujua vyema usikilizaji huo, na wanajua pia kwamba kilio kingi ni cha makopo na vizibo vya soda. Sarafu ndogo ikizama zaidi ya sentimita 30 hivi, mashine nyingi haziisikii tena. Ile ya Middletown ilikuwa karibu na uso wa ardhi, katika udongo wa shamba.

Sasa, fedha ya Yemen ilifuata nini Rhode Island?

Swali la kwanza ni la mahitaji, na jibu lake limo ndani ya lugha yetu. Katika Kiswahili fedha ni madini, na fedha ni pesa. Watu wa makoloni ya Kiingereza ya Marekani katika miaka ya 1690 wangelielewa jambo hilo bila kuelezwa. Hawakuwa na pesa za kutosha. Massachusetts ilikuwa imefungua kiwanda cha kufulia shilingi zake mwaka 1652, bila ruhusa ya Uingereza, na katika miaka ya 1680 kiwanda hicho kikawa kimefungwa. Kwa hiyo ilipokelewa fedha yoyote iliyofika bandarini, ya Kihispania zaidi kuliko nyingine, ikapimwa kwa mizani. Ndivyo wazee wa Unguja walivyopokea reale yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, kwa kuwa fedha yake ilikuwa nzuri. Mwenye duka wa Newport, Rhode Island, hakuhitaji kuijua Makha. Alihitaji mizani.

Swali la pili, la njia iliyofuata, ndilo refu.

Mwezi Mei 1694, meli ya Kiingereza iitwayo Charles II ilikuwa imetia nanga katika bandari ya A Coruña, Hispania. Mabaharia wake walikuwa wamekaa miezi bila mshahara. Usiku mmoja walimfuata Henry Every, mtu wa Devon aliyekuwa ofisa wa meli, wakaiteka, wakamteremsha nahodha, wakaibadili jina kuwa Fancy. Waliteremka pwani ya Afrika Magharibi, wakipora na kuwateka watu njiani, wakazunguka rasi ya kusini, wakafika Madagaska, kisha kisiwa cha Nzwani.

Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu Nzwani ni kwetu, ama ni kwa jirani wa mlango wa pili. Waingereza walikiita kisiwa hicho Johanna. Watu wake ni Waislamu, lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na masultani wake walihusiana kwa nasaba na kwa biashara na miji ya mwambao. Meli za Ulaya zilizokwenda India zilizoea kusimama pale kuchukua maji, mbuzi na matunda. Every alikuwapo mwanzoni mwa 1695, na kutoka pale aliacha barua kwa manahodha wote wa Kiingereza. Maana yake ilikuwa kwamba hajapata kumdhuru Mwingereza wala Mholanzi, na hana nia hiyo maadamu yeye ndiye kamanda. Barua ile imesomwa sana kama kituko cha haramia muungwana. Mimi huisoma kwa wale ambao haikuwataja. Iliandikwa katika kisiwa cha Waislamu, na mwandishi wake alikuwa njiani kwenda kuwasubiri Waislamu.

Hija ya mwaka ule iliangukia Julai. Baada yake, msafara wa merikebu za India, zipatazo 25, ulikusanyika Makha kusubiri kurudi Surati, huko India, kwa pepo za kusi, zile zile zilizoyajaza matanga ya majahazi yetu. Ndani yake mlikuwa na mahujaji, na mlikuwa na wafanyabiashara waliokwisha kuuza vitambaa na bidhaa nyingine za India. Malipo yao yalikuwa dhahabu na fedha. Every alitia nanga kwenye mlango wa Babul Mandab, na maharamia wengine wakaungana naye, wakiwamo waliotoka makoloni ya Marekani. Mmoja wao alikuwa Thomas Tew wa Newport, ambaye miaka miwili hivi nyuma alikuwa amepora katika bahari hiyo hiyo na kurudi kwao tajiri na mwenye kusifiwa.

Msafara uliwapita usiku. Wakaufuata. Merikebu ya kwanza kukamatwa ilikuwa Fateh Muhammed, mali ya Abdul Ghaffur, tajiri mkubwa wa Surati. Katika mapambano hayo Tew aliuawa. Kisha, mwanzoni mwa Septemba, waliifikia Ganj-i-Sawai, merikebu ya Aurangzeb mwenyewe, mfalme wa India. Khafi Khan, mwanahistoria wa Kihindi wa zama zile, anaandika kwamba ilikuwa na mizinga 80 na bunduki 400. Ingeweza kuwashinda. Lakini mzinga wake mmoja ulipasuka na kuwaua waliokuwa karibu nao, na kombora la Fancy likauvunja mlingoti mkubwa. Maharamia wakapanda. Nahodha, kwa maelezo ya Khafi Khan, alikimbilia chini, akawavalisha vilemba wasichana watumwa aliowanunua Makha, akawasukuma juu wakapigane.

Kilichofuata kilichukua siku kadhaa. Abiria waliteswa ili waonyeshe walipoficha mali. Wanawake walibakwa. Wapo waliojitupa baharini, na wapo waliojiua kwa visu kabla hawajafikiwa. Hayo ameyaandika Khafi Khan, na yamethibitishwa na baadhi ya maharamia wenyewe katika maungamo yao. Hesabu ya mali, kwa kauli ya mwanahistoria huyo, ilikuwa rupia laki 52 za dhahabu na fedha, na anasema wazi zilikotoka: ni mapato ya bidhaa za India zilizouzwa Makha na Jidda.

Msomaji aishike sentensi hiyo, maana inaeleza jambo ambalo habari za magazeti ziliacha bila kuelezwa. Khamsiyya haikuwa kito cha mfalme. Ilikuwa chenji ya soko. Mtu aliuza kitambaa Makha akalipwa kwa sarafu kama ile, au hujaji alivunja rupia yake ili anunue tende na maji ya kunywa, akabakiwa na vipande viwili vitatu vya kurudi navyo nyumbani. Katika marundo ya dhahabu waliyogawana maharamia, vipande hivyo vilikuwa vidogo kuliko vyote. Mali ya mtu wa kawaida hudondoka kwa urahisi, na pengine ndiyo maana hiyo ndiyo inayookotwa.

Merikebu iliachwa iende zake, ikafika Surati na walionusurika. Hasira ya mji ikawaangukia Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki waliokuwa na kituo pale. Samuel Annesley, mkuu wao, alifungwa pamoja na watu wake kwa miezi mingi, na Aurangzeb akasimamisha biashara yao. London ilitishika. Mwaka 1696 serikali ilitangaza zawadi ya pauni 500 kwa atakayemkamata Every, na Kampuni ikaongeza hadi pauni 1,000.

Every alikwisha kuvuka Atlantiki. Alifika Nassau, katika visiwa vya Bahama, kwa jina la Henry Bridgeman, akijidai mfanyabiashara, na gavana Nicholas Trott akapokea dhahabu, baruti, pembe za ndovu na hatimaye meli yenyewe bila kuuliza sana. Hapo wakatawanyika. Wengine walikwenda makoloni ya Marekani bara. Every na kundi dogo walivuka kwenda Ireland wakafika Juni 1696, na baada ya hapo hakuonekana tena.

Aliyeonekana ni John Dann. Baharia huyu alifika Rochester, Uingereza, akapanga chumba. Mjakazi wa nyumba alipolishika koti lake la kujazwa pamba, aliliona zito kuliko inavyopaswa. Ndani ya mishono mlikuwa na dhahabu ya thamani ya zaidi ya pauni 1,000. Nikiitazama ile khamsiyya nyembamba kwenye picha, koti hilo hunijia kila mara: sarafu zimelazwa moja moja kati ya kitambaa na pamba, mtu anatembea nazo barabarani akihesabu hatua, na mwishowe uzito wenyewe unamsaliti.

Kuna jambo moja katika kesi zao ambalo sioni likitajwa inavyostahili. Oktoba 1696 mabaharia sita walishtakiwa London kwa kuipora Ganj-i-Sawai. Baraza la wazee wa mahakama halikuwatia hatiani. Waendesha mashtaka, kwa aibu na kwa hofu ya Aurangzeb, wakawarudisha kizimbani siku chache baadaye kwa shtaka lingine: kuiiba Charles II. Hapo wakatiwa hatiani, na Novemba watano wakanyongwa kando ya Mto Thames. Kwa sheria, basi, kilichowaangusha kwanza ni meli ya Kiingereza. Kwa mahujaji wa Ganj-i-Sawai, baraza la wazee halikumtia mtu hatiani. Mmoja wa walionyongwa, John Sparkes, kwa mujibu wa maandishi ya wakati ule, alisema chini ya mti wa kunyongea kwamba kinachomlemea ni ukatili waliowafanyia watu wale na wanawake wao. Ndilo neno pekee la majuto ninalolijua katika historia yote hii.

Turudi Rhode Island. Bailey alichapisha utafiti wake mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Sarafu cha Marekani. Hoja yake ni kwamba fedha ya Yemen ya mwaka 1693 haikufika Newport kwa biashara halali, kwa kuwa makoloni hayakuwa na biashara ya namna hiyo na Bahari ya Shamu. Ililetwa na waliotoka huko, na tarehe inawaangukia watu wa Every. Kwa jumla hoja hiyo naiona ina nguvu. Tangu alipopata yake hadi mwaka 2021, watafutaji wengine waliokota sarafu 15 za Kiarabu za zama hizo: 10 Massachusetts, tatu Rhode Island, mbili Connecticut. Nyingine ilipatikana North Carolina. Sarafu moja yaweza kuwa bahati. Zaidi ya 15 ni njia.

Hata hivyo nina tahadhari zangu. Maharamia wa Bahari ya Hindi walikuwa wengi, na si kila kipande cha Makha kilipita mikononi mwa Every. Tena, inasemwa kwamba watu wake walifika Newport mwaka 1696 kwa chombo kiitwacho Sea Flower wakiwa na watumwa karibu 50. Gavana Samuel Cranston, katika taarifa yake ya 1708, anaitaja Sea Flower iliyofika Newport tarehe 30 Mei 1696 kutoka pwani ya Afrika, nahodha Thomas Windsor. Chombo kilichompeleka Every Ireland, nacho kikiitwa Sea Flower, kilifika huko Juni mwaka huo huo, na nahodha wake alikuwa Joseph Faro. Jina la meli lilikuwa kama jina la mtu, wangapi wanaitwa Juma. Sioni sababu ya kuvifanya vyombo hivyo kimoja kabla ya ushahidi zaidi.

Lakini taarifa ya Cranston inastahili kusomwa kwa ajili yake yenyewe. Watu 47 walishushwa. Kumi na wanne waliuzwa pale pale kwa pauni 30 hadi 35 kila mmoja. Waliobaki walipelekwa Boston kwa nchi kavu. Katika majira yale yale, katika mji ule ule, fedha ya Waislamu wa India na miili ya Waafrika vilipimwa na watu wa aina moja.

Ardhi ya Marekani ina sheria zake juu ya utafutaji huu. Kwenye shamba la mtu, ruhusa ya mwenyewe inatosha. Katika hifadhi za taifa ditekta ni marufuku, na sheria ya mwaka 1979 inalinda vitu vya kale vilivyo katika ardhi ya serikali kuu. Sababu yake tunaijua sisi kwa mfano wa Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 zilichimbuliwa pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zisizo na tarehe, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimi zenye tarehe. Ni ujirani huo ndani ya shimo moja uliowawezesha waakiolojia kuzipa zile za fedha umri wake, karne ya 11. Angepita mtu na ditekta usiku akachukua dhahabu peke yake, fedha ile ingebaki bubu. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na nawaomba wanaopita magofu ya mwambao na mashine hizi waikumbuke Mtambwe.

Bailey hakuharibu kitu. Alichimba kwa ruhusa, akaandika, akachapisha. Moja ya zile za Connecticut, iliyopatikana mwaka 2018, ilitoka katika uchimbaji rasmi wa waakiolojia kwenye shamba la karne ya 17. Huko kila tabaka la udongo huandikwa na kila kipande huachwa na majirani zake, kwa hiyo tunaweza kutumaini kujua ni kaya ya namna gani iliyoishika mwisho. Kwa upande wa pili wa bahari hatuna msaada kama huo. Khafi Khan alihesabu rupia laki 52. Majina ya abiria hakuyaandika.